Gitaa la Besi na Mvutano Wake: Namna ya Kulichagua, Kulirekebisha na Kulitunza

Magitaa mengi ya besi yanayolaumiwa kuwa ni mabovu hayana ubovu wowote. Yalitengenezwa katika nchi yenye hewa ya namna moja, yakasafiri ndani ya kontena kwa wiki kadhaa, yakatundikwa dukani katika hewa ya namna nyingine, kisha yakauzwa bila mtu kuyagusa kwa bisibisi. Mnunuzi akifika nyumbani anakuta nyuzi ziko juu kiasi cha kuumiza vidole, au ziko chini kiasi cha kukwaruza freti, vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa kwa kukingama shingoni, kila zinapopigwa, naye anaamini kwamba ameuziwa takataka. Kinyume chake pia hutokea: mtu ananunua besi ya bei kubwa na yenye jina kubwa, anaipiga kwa miaka bila kuirekebisha, na mwishowe inasikika vibaya kuliko ya bei nafuu iliyopita mikononi mwa fundi anayeijua kazi yake.

Chanzo cha yote hayo ni mvutano. Nyuzi nne za besi ya kawaida, zikishakazwa hadi kwenye sauti zake, huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, ambao ni uzito wa mtu mzima anayening'inia hapo usiku na mchana. Kinachopambana na nguvu hiyo ni mti mwembamba ambao nao hujaa unyevu, hukauka, hupata joto na kupoa. Anayeelewa jinsi nyuzi zinavyovuta na jinsi shingo inavyojibu ataelewa kwa nini besi fulani inafaa kununuliwa na nyingine haifai, kwa nini marekebisho hufuata mpangilio mmoja tu, na kwa nini chombo kilichokuwa kitamu mwezi wa Agosti kinaanza kukwaruza mvua zinapoanza.

Urefu na unene wa uzi

Besi ya umeme tunayoijua leo ilipata umbo lake mwaka 1951, Leo Fender alipoingiza sokoni Precision Bass kutoka Fullerton, California. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ametengeneza besi ya umeme yenye freti tangu miaka ya 1930, lakini haikuenea. Fender alichagua urefu wa inchi 34, yaani milimita 864, kuanzia kwenye kizingiti, kile kipande chenye mifereji midogo kilicho kati ya shingo na kichwa, hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapolala mwilini. Watengenezaji wengi hufuata kipimo hicho mpaka leo, ilhali gitaa la kawaida la umeme huwa na takriban milimita 648.

Urefu huo una sababu. Sauti ya uzi hushuka kadiri uzi unavyokuwa mrefu, mzito au uliolegea, na besi hutakiwa kushuka oktava nzima chini ya gitaa: uzi wake mnene kuliko yote, ule wa E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa takriban mara 82. Kama mtu angetaka kupata sauti hiyo kwa kuulegeza tu uzi wa gitaa, ingembidi aupunguzie mvutano hadi robo ya ule wa awali, na uzi ungebaki kuyumba bila kutoa noti inayoeleweka. Kwa hiyo uzi wa besi hurefushwa na kuongezewa uzito kwa kuzungushiwa waya, ndiyo maana seti ya kawaida huanza na uzi wa G wenye unene wa takriban milimita 1.1 na kuishia na uzi wa E wenye takriban milimita 2.7. Uzi mnene namna hiyo hutetema kwa upana mkubwa, na huwa mgumu kupinda. Sifa hizo mbili zitarudi tutakapofika kwenye marekebisho.

Zipo pia besi fupi zenye inchi 30, yaani milimita 762. Ile yenye umbo la fidla ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961, Höfner 500/1, ni ya jamii hiyo. Kwa sauti ile ile, uzi mfupi huhitaji mvutano mdogo zaidi, hivyo besi fupi huwa laini vidoleni na hutoa sauti ya mviringo, isiyo na makali. Inawafaa watoto na watu wenye mikono mifupi, na sioni sababu ya kuidharau kama chombo cha wanafunzi.

Kwa upande mwingine kuna besi ya nyuzi tano, inayopendwa sana na wapiga muziki wa injili, ambayo huongeza uzi wa B unaotetema takriban mara 31 kwa sekunde. Hapa mvutano huleta shida ya namna yake. Uzi huo ukiwa kwenye urefu wa inchi 34 mara nyingi huhisiwa umelegea kuliko wenzake, na ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huongeza urefu hadi inchi 35. Anayefikiria kununua nyuzi tano ausikilize uzi wa B kuliko kitu kingine chochote: apige noti za freti ya tano na ya saba na kupima kama zinasikika kama noti au kama ngurumo isiyo na jina. Anayeanza kujifunza hana haja nao.

Kukagua kabla ya kulipa

Anayenunua besi, iwe mpya au iliyotumika, aanze na shingo. Pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, hubadilishwa, rangi huvumiliwa, hata daraja hupatikana jingine. Shingo iliyojipotoa humaliza hamu ya kupiga. Nyuzi zikazwe kwanza hadi kwenye sauti zake, kwa maana shingo isiyobeba mzigo haina la kumwambia mkaguzi. Kisha ashike chombo kama mtu anayelenga bunduki, jicho likiwa upande wa daraja, na kutazama kingo mbili za ubao wa freti kuelekea kichwani. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya kupinda na kupotoka. Shingo iliyopinda kama upinde, kingo zake zote mbili zikipinda sawasawa, inaweza kurekebishwa. Shingo iliyopotoka, ambayo upande wa uzi wa E umepinda kwa kiasi kimoja na upande wa uzi wa G kwa kiasi kingine, iachwe dukani hata kama bei imepunguzwa nusu.

Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ambayo nitaiita nondo ya shingo, na ambayo kampuni ya Gibson ndiyo iliyoitia katika magitaa yake tangu miaka ya 1920. Nati yake huonekana kichwani chini ya kifuniko kidogo, au upande wa mwilini. Mnunuzi wa chombo kilichotumika aombe ruhusa ya kuizungusha kidogo sana kwa ufunguo wake. Nati isiyosogea kabisa, au ambayo mafundi waliotangulia wameila pembe zake mpaka ufunguo unateleza, inamaanisha kwamba shingo haina tena namna ya kutawaliwa. Kadhalika vitazamwe vile vipande vidogo vya daraja vinavyobeba nyuzi: vikiwa tayari vimeshushwa hadi chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, shingo imeingia mwilini kwa pembe mbaya. Kasoro hiyo hutibika kwa kuweka kipande chembamba cha ubao kwenye kiungio, ikiwa shingo imefungwa kwa skrubu, lakini ni kazi inayostahili kupunguziwa bei.

Hatua ya mwisho ya ukaguzi huchosha na ndiyo wengi huiruka: kupiga kila freti kwenye kila uzi, polepole, bila amplifaya. Freti zilizolika zitaonyesha mitaro chini ya nyuzi. Baadhi ya noti zitazimika mapema kuliko nyingine, hasa kwenye uzi wa G kati ya freti ya tano na ya saba. Hilo la mwisho lisimtishe mtu. Shingo ndefu ya mti huwa na mtetemo wake wenyewe, na noti inayokutana na mtetemo huo hunyonywa nguvu. Besi za mtindo wa Fender zina tabia hiyo tangu zamani, na ni pale tu noti inapokufa kabisa ndipo pa kukataa.

Kuhusu pikapu, mjadala ni mrefu kuliko unavyostahili. Precision Bass ilipata mwaka 1957 pikapu iliyokatwa vipande viwili, kila kimoja kikisikiliza nyuzi mbili, vikiwa vimeunganishwa kwa namna inayofuta mvumo wa umeme. Sauti yake ni nzito na hukaa mahali pake katika bendi bila kuhitaji maelekezo mengi. Jazz Bass ya mwaka 1960 ina pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi kwenye kizingiti, takriban milimita 38. Huruhusu sauti yenye makali ya kati, lakini pikapu moja ikifunguliwa kuliko nyenzake, mvumo hurudi. Besi kadhaa za bei ya kati, kama Yamaha TRBX174, huweka pikapu ya kila aina katika mwili mmoja, na kwa mtu asiyejua bado anataka nini huo ni uamuzi wa busara. Anayetaka kupiga dansi au rumba, ambako besi hutembea na kuimba pamoja na magitaa badala ya kushikilia noti moja, ahakikishe kwamba chombo chake kina sauti ya kati ya kutosha. Tom Malanga katika Les Wanyika alikuwa akisikika kila noti, na hilo haliletwi na uzito wa sauti za chini peke yake.

Besi zenye saketi inayotumia betri ya volti 9 zilienea baada ya kampuni ya Music Man kutoa StingRay mwaka 1976. Zinampa mpigaji uwezo wa kuongeza na kupunguza sauti za chini na za juu pale pale kwenye chombo. Faida hiyo ni ya kweli. Gharama yake ni kwamba betri itakwisha katikati ya ibada au harusi, siku ambayo hakuna aliyebeba nyingine. Kwa kawaida saketi huwaka pindi waya unapochomekwa, kwa hiyo waya uchomolewe kila baada ya kupiga.

Na mti? Wenge kutoka misitu ya Kongo umetengenezewa shingo za besi za Warwick huko Ujerumani, na ni mgumu na mzuri kwa macho. Mpingo wa Tanzania ni jamii moja na miti ya Dalbergia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitengenezewa mbao za freti. Ubora wa mti una umuhimu kwa uimara wa shingo na kwa uzito wa mwili begani, ambao ukizidi kilo 4 na nusu utajulikana kabla tamasha halijafika nusu. Kwa sauti inayotoka kwenye spika, pikapu, nyuzi na vidole vina sehemu kubwa zaidi kuliko jina la mti.

Marekebisho na mpangilio wake

Marekebisho yana mpangilio usioweza kugeuzwa, kwa sababu kila hatua hubadilisha kipimo cha hatua inayofuata. Huanza na nyuzi zenyewe, huja shingo, kisha kimo cha nyuzi, kisha usahihi wa noti, na mwisho pikapu. Anayeanza na usahihi wa noti na baadaye akainyoosha shingo atalazimika kurudia kazi yote.

Nyuzi ziwe mpya, au angalau ziwe za unene ule ule utakaotumika, na zikazwe hadi kwenye sauti zile zile zitakazotumika. Jambo hili huonekana dogo mpaka bendi inapoamua kushusha vyombo vyote nusu toni ili kumpunguzia mwimbaji taabu: mvutano hupungua, shingo hunyooka, na nyuzi zilizokuwa sawa huanza kugusa freti. Vipimo vichukuliwe chombo kikiwa kimekaa kama kinavyopigwa. Kikilazwa kwa mgongo, uzito wa kichwa hutosha kuidanganya fila geji, kile kipimo cha nafasi nyembamba.

Shingo nzuri si ile iliyonyooka kabisa. Uzi hutetema kwa upana mkubwa zaidi katikati ya urefu wake, hivyo shingo hutakiwa kuwa na mpindo mdogo unaoupa nafasi. Ili kuupima, uzi wa E hubonyezwa kwenye freti ya kwanza na wakati huo huo kwenye freti iliyo pale shingo inapoungana na mwili. Uzi wenyewe sasa umekuwa rula, na kinachotazamwa ni nafasi iliyo kati yake na freti ya saba au ya nane. Takriban milimita 0.3 inafaa kwa watu wengi. Fila geji, ile ile ambayo mafundi wa magari hupimia nafasi ya valvu, inafanya kazi hii barabara, na asiyekuwa nayo anaweza kutumia kadi nene ya biashara.

Nafasi ikizidi, nondo hukazwa kwa kuzungushwa kufuata mwelekeo wa saa, nayo huivuta shingo irudi nyuma dhidi ya nyuzi. Nafasi ikikosekana, nondo hulegezwa na nyuzi zenyewe huipinda shingo mbele. Robo ya mzunguko kwa mara moja inatosha, kisha nyuzi zikazwe upya na chombo kiachwe kwa saa chache, kwani mti hujibu polepole. Nati ikiwa ngumu, nyuzi zilegezwe kwanza ili kuipunguzia nondo mzigo. Ikiendelea kugoma, kazi isimamishwe na chombo kipelekwe kwa fundi, kwa sababu nondo iliyokatika ndani ya shingo hugharimu zaidi ya bei ya besi nyingi za kujifunzia.

Hapa ndipo kosa lililoenea kuliko yote linapofanyika. Mtu anaona nyuzi ziko juu, anakaza nondo mpaka zishuke, na kwa dakika kadhaa anafurahi. Nondo haikuwekwa kwa ajili ya kimo cha nyuzi. Imewekwa kusawazisha mvutano, na akishaipindua shingo kinyumenyume nyuzi zitalala juu ya freti za mwanzo na kukwaruza kwenye noti zile zile anazozipiga zaidi. Kimo kina mahali pake pa kurekebishwa, nalo ni daraja.

Kwenye daraja kila uzi hubebwa na kipande chake chenye skrubu mbili ndogo, ambazo huzungushwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kimo hupimwa kwenye freti ya 17, kuanzia juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa mbao za freti zenye mviringo wa wastani, Fender hupendekeza takriban milimita 2.4 upande wa uzi wa E na milimita 2 upande wa uzi wa G. Vipimo hivi ni mwanzo wa kazi tu. Mpigaji mwenye mkono mwepesi anaweza kushuka zaidi. Anayepiga kwa kidole gumba au kwa nguvu ya mtu anayetaka kusikika bila amplifaya atahitaji kupandisha. Nyuzi za katikati zifuate mviringo wa ubao wa freti, zikiwa juu kidogo kuliko mstari ulionyooka kati ya zile mbili za pembeni.

Kizingiti nacho huhusika. Uzi ukibonyezwa kati ya freti ya pili na ya tatu, kati yake na freti ya kwanza ibaki nafasi ndogo sana, inayoonekana kwa shida. Ikiwa kubwa, noti za freti ya kwanza zitapanda juu ya sauti yake na mkono utachoka. Tiba yake ni kuchimba mifereji kwa tupa maalumu zenye unene wa kila uzi, na kwa kuwa kilichokwisha kukatwa hakirudishwi, mtu asiye na tupa hizo na ajiweke kando.

Usahihi wa noti ndio unaowashangaza wengi, kwa maana inaonekana kwamba freti ya 12, iliyo nusu ya urefu wa uzi, ingetosha kutoa oktava kamili. Lakini kubonyeza uzi hadi kwenye freti ni kuuongezea mvutano, na uzi mnene, kwa ugumu wake, hautetemi hadi mwisho kabisa pale unapolala kwenye daraja. Sababu zote mbili huipandisha noti, na huupandisha zaidi uzi mnene. Ndiyo maana kwenye besi iliyorekebishwa vizuri kipande cha uzi wa E hukaa nyuma kuliko vya wenzake. Namna ya kurekebisha ni kulinganisha, kwa tyuna ya kielektroniki, noti ya uzi uliogusiwa tu juu ya freti ya 12 na noti ya uzi uliobonyezwa hapo hapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kipande cha daraja kirudishwe nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kiletwe mbele. Uzi ulegezwe kabla ya kila kusogeza na kukazwa upya kabla ya kila kupima. Nyuzi zilizochakaa hazipimiki: uchafu ulioingia ndani ya mizunguko yake hufanya sehemu moja iwe nzito kuliko nyingine, na hakuna mahali pa daraja patakapoponya hilo.

Pikapu huachwa mwisho. Nyuzi zikibonyezwa kwenye freti ya mwisho, nafasi ya milimita 2 hadi 3 juu ya pikapu hufaa. Ikisogezwa karibu zaidi kwa kutafuta sauti kubwa, sumaku zake huanza kuushika uzi, na noti za juu hupata mtikisiko wa ajabu ambao mpigaji hudhani ni kasoro ya freti.

Kusoma mkwaruzo

Mahali mkwaruzo unapotokea hueleza chanzo chake. Ukiwa kwenye freti za kwanza hadi ya tano na kukoma juu, shingo imenyooka mno. Ukiwa kuanzia freti ya 12 kwenda juu, kimo ni kidogo mno, au mwisho wa shingo umeinuka pale inapoungana na mwili. Ukiwa kwenye uzi usiobonyezwa peke yake, mfereji wa kizingiti umechimbika. Ukiwa kwenye freti moja tu, freti inayofuata kuelekea darajani imeng'oka kidogo au imesimama juu ya wenzake. Mkwaruzo usiofika kwenye amplifaya hauhitaji tiba. Wapigaji wengi mahiri huishi nao, na baadhi huutaka.

Nyuzi, hewa na kutu

Nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara zilishika soko baada ya kampuni ya Rotosound ya Uingereza kuziboresha pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, mwaka 1966. Sauti yake inang'aa na kila mguso wa kidole husikika. Nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe laini, hutoa sauti nyeusi na ya mviringo, na nyingi huvuta shingo kwa nguvu zaidi. Anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine lazima aanze tena na nondo. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi bapa zake mpaka zikatike. Hoja yake ina uzito kwa nyuzi bapa, ambazo huzeeka vizuri. Za duara huzeeka vibaya.

Kwa kuwa seti ya nyuzi za besi ni ghali kuliko ya gitaa, wapigaji wengi huzichemsha. Maji ya moto huondoa mafuta ya mikono na kurudisha mng'ao kwa muda mfupi, ila yakibaki ndani ya mizunguko huanzisha kutu. Spiriti hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: nyuzi hulowekwa usiku kucha katika chombo kilichofungwa, mbali na moto, kisha huachwa zikauke. Wakati wa kufunga uzi mpya, ukunjwe kwa pembe kali pale utakapoingia kwenye kigingi cha kukazia kabla ya kukatwa, la sivyo waya wa nje hufunguka na uzi hufa ungali mpya. Mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi, ikishuka kwenda chini, inatosha.

Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hewa ina chumvi na unyevu, na skrubu za daraja huanza kushika kutu kabla ya kitu kingine. Kitambaa kikavu baada ya kila kupiga, na tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu hizo mara chache kwa mwaka, huzuia siku ambayo ufunguo utazunguka na skrubu isitoke. Besi inayohamishwa kutoka pwani kwenda nyanda za juu kavu hupatwa na jambo jingine: ubao wa freti husinyaa, freti za chuma hazisinyai, na ncha zake huanza kuchoma kiganja. Fundi huzisawazisha kwa tupa. Kuacha chombo ndani ya gari lililoegeshwa juani hudhuru kuliko unyevu wowote, kwa sababu gundi hulainika wakati nyuzi zinaendelea kuvuta.

Ushauri unaosikika mara nyingi, kwamba nyuzi zilegezwe chombo kinapowekwa, si sahihi. Shingo imewekwa sawa kati ya nyuzi zinazovuta mbele na nondo inayovuta nyuma. Nyuzi zikilegezwa kabisa kwa miezi, nondo hubaki ikivuta peke yake na shingo hupinda kinyume. Kwa kulaza chombo wiki kadhaa, nyuzi ziachwe zilivyo. Kwa safari ya ndege zilegezwe kiasi, zikazwe tena baada ya kufika.

Umeme

Vitufe vinavyokwaruza vinapozungushwa huhitaji dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na kuzungushwa mara nyingi. Tundu la waya lililolegea likazwe huku limeshikwa kwa ndani, kwa sababu likizunguka lote litakata nyaya zilizolehemiwa nyuma yake. Besi isipigwe kwa sauti kubwa kupitia amplifaya ya gitaa: spika zake hazikuundwa kusogea umbali unaotakiwa na sauti za chini, nazo hupasuka. Mahali pasipo na amplifaya ya besi, kisanduku cha kuunganisha besi moja kwa moja na mikisa kinatosha.

Nyuzi za besi huunganishwa na waya wa ardhini wa amplifaya kupitia daraja, ndiyo maana mvumo hupungua mtu anapozigusa. Katika kumbi nyingi zetu waya wa ardhini wa jengo haupo au umekatwa, na hapo vyombo viwili vilivyochomekwa kwenye soketi mbalimbali vinaweza kuwa na tofauti ya umeme kati yake. Mpiga besi anayeimba hushika nyuzi kwa mikono na kugusa maikrofoni kwa midomo, akawa yeye ndiye njia ya umeme huo. Mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni isiyo na waya wa ardhini. Amplifaya na mikisa zichomekwe kwenye mkondo mmoja, pini ya ardhini isikatwe kwa kutafuta utulivu wa sauti, na kabla ya kuimba, maikrofoni iguswe kwanza na testa, au kwa nyuzi za besi yenyewe wakati mpigaji ameshika mwili wa mbao peke yake: cheche ikionekana, vyote vizimwe na fundi wa umeme aitwe.